Jicho Halikuitwa

Jumapili baada ya ibada, Wahome alipiga burashi kitambaa cha meza yake ya pool toka juu hadi chini, kisha akachuchumaa na kusukuma kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, kwa sababu sakafu ilikuwa imelala upande tangu alipoukodi ule ukumbi. Uko nyuma ya soko la Jericho, kati ya kinyozi na mama wa mitumba. Siku hiyo watu walijaa hadi mlangoni, maana ilikuwa fainali.

Mchezaji mmoja alikuwa Nakhumicha, mama wa mtaa wa Huruma aliyekuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni tangu binti yake Shirleen akiwa mgongoni. Sasa Shirleen yuko sekondari na mama bado ni kibarua. Kila asubuhi husimama langoni na wenzake, wakainua mikono, na msimamizi akachagua mikono ya siku hiyo. Siku alizokosa, Nakhumicha alikuja kumpigia Wahome deki, na baada ya deki akacheza peke yake. Alicheza hivyo miaka kadhaa, hadi ikafika mahali wanaume wa Jericho walikumbuka shughuli za nyumbani kila wakimwona akipaka stiki choki.

Mwenzake alikuwa Dishon, kijana mtanashati mwenye tabasamu jepesi, mtoto wa dada yake meneja wa kiwanda hicho hicho. Meneja ndiye aliyedhamini mashindano. Tuzo haikuwa kikombe wala mbuzi. Tuzo ilikuwa kazi: mshindi angeandikwa kiwandani kazi ya kudumu, asiinue tena mkono langoni. Watu walimsifu meneja kwa kuitoa nafasi hiyo hadharani badala ya kumpa jamaa yake kimyakimya. Nakhumicha naye alimsifu, tena kwa moyo wote, maskini.

Kwa Wahome hakuna refa wa kusimama mezani. Mchezaji hujishtaki mwenyewe: akigusa mpira kwa mkono au kwa nguo, anainua stiki na kusema "faulo yangu," na mwenzake anapewa mpira mweupe auweke apendapo. Ikiwa pigo ni la kubanana, mahali ambapo ni rahisi kugusa, mpinzani anatakiwa kuita "jicho!" kabla halijapigwa, na mtu asiyeegemea upande wowote anakuja kuinama na kutazama. Jicho lisipoitwa, neno la mpigaji ndilo neno. Na mchezo ukiisha, hata uwe umeumia namna gani, mnapeana mkono na kuambiana "mchezo mzuri." Ni sheria nzuri. Zilitungwa na waungwana kwa ajili ya waungwana, na ubovu wake wote uko hapo.

Kila mmoja alishinda mchezo mmoja, wakaingia mchezo wa kuamua. Nakhumicha alibakiza mpira mweusi peke yake, nao ulikuwa mdomoni mwa shimo la kona, unangoja tu kuambiwa. Zamu ilikuwa ya Dishon. Alibakiza mipira miwili na mweusi, na mpira wake mmoja ulikuwa umeuzibia mwenzake njia. Ili apige, ilimbidi apandishe mkono juu ya ule uliozuia, vidole vikining'inia. Hata mtoto wa nasari angejua kwamba hapo jicho huitwa.

Nakhumicha alikuwa amekwisha fungua kinywa. Wakati huo huo meneja akaingia na kuanza kuwasalimia watu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na mkono wake ukafika kwa Nakhumicha. Hakuna kibarua Eastlands nzima atakayeuacha mkono wa meneja ukielea hewani. Aliupokea kwa mikono yake miwili, akakunja magoti kidogo, kama alivyofunzwa kwao.

"Mama, hamjambo?"

"Hatujambo, bosi. Na nyumbani?"

"Nyumbani wako salama."

Na juu ya bega la meneja, huku akiulizwa habari za watoto, Nakhumicha aliona kiganja cha Dishon kikishuka, kikaegemea ule mpira uliozuia na kuusogeza kando upana wa kidole. Njia ikafunguka. Dishon akapiga, akatumbukiza. Akapiga wa pili, ukaingia. Kisha akautumbukiza ule mweusi uliokuwa mdomoni mwa shimo. Meneja alipouachia mkono wa Nakhumicha, mchezo ulikuwa umekwisha.

"Umegusa," Nakhumicha alisema.

"Mimi? Manze auntie, sijagusa kitu."

Hapo mkono wa kushoto wa Dishon ukaanza kuwa wa buluu. Rangi ilianzia pale kiganja kilipoegemea mpira, ikatambaa taratibu kwenye vidole, ikazunguka nyuma, ikafika kwenye kifundo na kusimama. Ilikuwa buluu ya choki ya pool, ile ile. Watu walisogea kutazama. Kinyozi jirani alisema imeenea vizuri, haikuacha madoa.

Wahome alileta maji na sabuni. Haikutoka. Akaleta mafuta ya taa, akasugua kwa tambara hadi Dishon akalalamika kwamba anaumia. Haikutoka. Wahome akajifuta mikono, akamtazama meneja, na meneja akatazama saa yake.

"Mkono ni wa buluu, hilo naliona," Wahome alisema. "Sina ubishi na rangi. Lakini Mama Shirleen, jicho halikuitwa."

"Ningeitaje na nilikuwa nikisalimiwa?"

"Mimi sikukukataza kuita."

"Wahome, si huo mkono wenyewe unasema?"

"Mkono unasema, sawa. Lakini sheria haisemi kitu juu ya rangi. Kwa sheria, neno la mpigaji ndilo neno." Kisha akamgeukia kijana. "Dishon, uligusa?"

"Sikugusa," alisema Dishon, akijikuna shavu kwa mkono wa buluu.

Basi. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani. Nakhumicha aliona kazi ile ikimtoka mbele ya macho, na pamoja nayo asubuhi zote ambazo hangesimama tena langoni kwenye baridi. Iliuma sana, iliuma hadi masikio yakavuma. Dishon akaja na kumnyooshea mkono ule ule, maana wa kulia ulikuwa umeshika stiki.

"Mchezo mzuri, auntie."

Nakhumicha aliukunja wake kifuani na hakuutoa. Ukumbi mzima uliguna. Wahome, kwa masikitiko ya kweli, akatangaza kwamba Mama Shirleen hatacheza tena pale hadi mwaka uishe, kwa kukosa adabu. Kwa kosa hilo hakukuhitajika jicho, kwa kuwa wote waliona.

Meneja alimkumbatia mpwa wake, akampa mkono wa pongezi, akarudi nyumbani akiwa na kiganja cha buluu. Ndivyo ilivyojulikana kwamba ile rangi huenda kwa salamu. Haikumpungukia anayeitoa, wala haikuwa hafifu kwa anayeipokea. Jumatatu wasimamizi wote wa kiwanda walikuwa nayo. Wiki hiyo ikafika Soko la Burma, ambako wauza nyama walikata mbavu kwa mikono ya buluu na wateja hawakuona tofauti katika ladha. Kina mama wa Jericho walilalamika kidogo kwamba wazee wakiwapapasa watoto mashavu huwaacha na alama, kisha nao wakazoea.

Mwanzoni watu waliulizana rangi ilitoka wapi, na jibu lilikuwa moja: ilitoka kwa kijana aliyegusa mpira. Walisema hivyo bila kunong'ona, sokoni na kwa kinyozi, na Nakhumicha akapata tumaini. Kweli ilikuwa ikitembea mitaani kwa miguu yake. Lakini kadiri mikono ilivyoongezeka ndivyo hadithi ilivyofupika. Wenye rangi walipokuwa wachache, walimtaja Dishon. Walipokuwa wengi, wakasema ilitoka kwenye mchezo fulani. Walipokuwa karibu wote, hakuna aliyekuwa akiuliza. Nani auulize mkono wa jirani, na wake ni ule ule?

Nakhumicha alijilinda. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa, akatoa kiwiko, akajifanya ana unga mikononi. Huruma ina watu wengi kuliko nafasi, na kuishi humo bila kushikana mikono ni kibarua kingine. Watu wakaanza kusema anaringa.

Perez, jirani yake wa mlango kwa mlango, mwanamke aliyechota naye maji na kumlelea Shirleen, alirudi kutoka kanisani Jumapili moja akiwa ameuficha mkono ndani ya leso.

"Nionyeshe," Nakhumicha alisema.

Perez akautoa. "Mchungaji alisema tupeane mkono wa amani. Sasa ningefanya aje? Ningemnyima mtu mkono kanisani?"

"Ungenikumbuka mimi."

"Nilikukumbuka, dada. Lakini ulikuwa umeshanyooshwa." Akauficha tena. "Na wewe pia umezidi. Ni kama kwako korona haijaisha."

Nakhumicha alimcheka Perez wake, kisha akaingia ndani akalia. Hakumwonea hasira. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi mkono ulionyooshwa unavyomfunga mtu kinywa.

Kiwandani, Dishon alikuwa ameandikwa, na haukupita muda akafanywa msimamizi wa lango. Sasa yeye ndiye aliyechagua mikono. Kila asubuhi vibarua waliinua viganja vya buluu, na katikati yake kulikuwa na kimoja cha kahawia. Dishon hakuwa na kinyongo, lazima tuseme ukweli. Alichagua haraka haraka, jicho lake likifuata rangi liliyoizoea, na kile kiganja cha kahawia akakiona kama pengo kwenye mstari. Alikiruka siku ya kwanza, akakiruka wiki nzima, akakiruka mwezi. Shirleen akarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Hakumuuliza mama yake kitu, akavaa sweta na kwenda kumsaidia Perez kuuza sukuma wiki, na huko kutouliza ndiko kulikomshinda Nakhumicha.

Asubuhi iliyofuata alipitia kwa Wahome, akaomba kipande cha choki. Wahome alimpa bila swali, maana hakuwa mtu mbaya. Nakhumicha alijipaka kiganja, vidole na nyuma ya mkono, akakomea kwenye kifundo. Aliona ni heri hivyo. Angepata rangi bila kuwapa salamu.

Langoni kulikuwa na manyunyu. Waliinua mikono, na manyunyu yakageuka mvua. Nakhumicha aliona maji ya buluu yakimteremka hadi kwenye kiwiko, yakidondokea kiatu. Alikaza kuinua. Muoki, mlinzi wa lango, mzee aliyemjua tangu enzi za Shirleen mgongoni, akamsogelea na mwavuli.

"Yako inatoka, Mama Shirleen," alisema kwa sauti ya chini.

"Naona, mzee."

"Zetu hazitoki." Muoki akatazama huku na huku, kisha akamnyooshea mkono wake, kwa huruma kabisa, kama mtu anayemkaribisha mwenzake mwavulini. "Nisalimie mimi basi. Nani atajua?"

Mvua ilikuwa imeusafisha mkono wa Nakhumicha hadi kucha. Aliutazama. Ulikuwa mkono safi, na haukuwa na kazi. Akampa Muoki, kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo.

"Hujambo, mzee Muoki?"

"Sijambo, mama. Habari ya watoto?"

Rangi ilipanda taratibu na kufika kwenye vifundo kabla hajamaliza kujibu. Aliinua mkono. Dishon akapita akionyesha kwa kidole: wewe, na wewe, na wewe mama. Alipofika kwake akasita, akakunja uso kidogo, akitafuta.

"Auntie, nakujua mahali. Tushawahi kuonana?"

"Tulicheza pool, kwa Wahome."

"Ah, kwa Wahome!" Dishon alifurahi kweli, akampa mkono, naye akaupokea. "Na nani alishinda?"

Nyuma yao vibarua walikuwa wakisukumana waingie, na mvua ilikuwa ikizidi. Dishon alingoja jibu huku ameushika mkono wake, maana hakika alikuwa amesahau.

"Ni wewe," Nakhumicha alisema. "Mchezo mzuri."

Akaingia ndani, na Muoki akafunga lango.