Kaburi Lisilojaa

Jumamosi saa nane mchana, wanaume wanne walifukia kaburi la Lugano kwenye migomba, nyuma ya nyumba ya mama yake kule Ikuti. Walitupa udongo mpaka lundo lote likaisha. Kaburi likabaki na kina kilekile, jeneza likionekana vizuri kule chini, limelowa mvua. Wakaazima makoleo mengine mawili, wakachota udongo kwenye shamba la chai la jirani. Nao ulitumbukia, haukuonekana tena.

Wazee walijua kilichokosewa. Kwa desturi ya hapo, mtu aliyemkosea marehemu, au aliyekuwa na kinyongo naye, hulitamka jambo hilo mbele ya watu, ndipo waombolezaji hula pamoja. Mchungaji alikuwa ameharakisha ibada kwa sababu ya mvua, na sehemu hiyo ikarukwa.

Kwa hiyo watu wakaanza kusema. Jirani yao Anyelwisye alikiri kwamba mwaka juzi alisogeza mpaka wa shamba la Lugano hatua mbili. Mama wa marehemu, Lusungu, alisema yeye ndiye aliyemsukuma mwanawe aingie jeshini, kwa kuwa alichoka kumwona amekaa bure nyumbani. Alilia alipokuwa akisema. Kila mmoja alipomaliza, udongo ulipanda kidogo. Ulipofika kwenye kifuniko cha jeneza ukagoma.

Sajenti aliyeusindikiza mwili alisema kwamba Lugano aliuawa mashariki ya Kongo, akilinda amani. Kipande cha kombora kilichotolewa kifuani mwake kilikuwa na maandishi ya nchi fulani kubwa. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyonunua helmeti aliyokuwa ameivaa.

"Basi aitwe mwenye kombora," alisema Lusungu.

Mtendaji wa kijiji, Innocent, mwenyeji wa Bukoba, alitafuta fomu inayohusika, akakosa. Akaandika barua ya kawaida yenye kichwa Ombi la Mhusika Kufika Msibani, akagonga muhuri. Barua zake za kuomba daraja zilikuwa na miaka sita bila majibu. Hii ilijibiwa haraka, maana mjumbe maalumu wa nchi ile alikuwa tayari ziarani katika ukanda huu, akisuluhisha vita hiyohiyo ya Kongo. Muda wote wa kumsubiri, Lusungu alikaa kando ya kaburi chini ya turubai, akifukuza kuku wasimdumbukie mwanawe.

Mjumbe alifika Jumatano, viatu vyake vimejaa matope. Kiswahili alikijua vizuri. Alifungua karatasi akasoma kwamba nchi yake imehuzunishwa sana na inazitaka pande zote zijizuie. Udongo haukusogea. Akasoma ukurasa wa pili, na aliporudia habari ya pande zote, udongo ukashuka kidogo. Wazee wakaguna.

"Tata," Anyelwisye alimwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwita baba yake, "hapa kwetu hatusemi hivyo. Sema ulichofanya wewe."

Mjumbe akakunja karatasi. Alisema kombora lile nchi yake ilimpa jirani wa Kongo, mtawala wa ng'ambo ya mpaka, ikijua kabisa kwamba atawapa waasi. Inawahitaji askari wa jirani huyo kulinda visima vyake vya gesi mahali pengine, na ikimkemea atakimbilia kwa washindani. Madini ya kutengenezea simu nayo hupita kwake. Lakini Kongo ikianguka madini hayatachimbika, ndiyo maana inawanunulia walinda amani helmeti pia.

"Tumetafuta njia nyingine miaka mingi, hatujaipata," alisema. "Mwezi ujao tutampelekea makombora mengine."

Ilikuwa kweli tupu. Udongo ukapanda taratibu, ukalifunika jeneza, ukajaa mpaka juu na kujitengeneza tuta bila mkono wa mtu.

"Mtaacha lini?" Lusungu aliuliza.

"Sikutumwa kulisema hilo, mama."

Na desturi hailiulizi. Inachotaka ni mtu aseme, na akishasema analishwa pamoja na wengine. Lusungu alimmwagia mjumbe maji ya kunawa, akampakulia ndizi na nyama. Alikuwa na hasira, wala hakuificha. Angependa kummwagia sufuria nzima. Mjumbe alikula, akasifu ndizi.

Walipomaliza, Anyelwisye alimsogelea akiwa na mwanawe Meshaki, aliyevaa sare mpya ya jeshi.

"Tata, huyu wangu anaondoka Ijumaa, anakwenda palepale kushika nafasi ya mwenzake. Nilikuwa naomba, kwa kuwa umeshafika, useme na la kwake mapema kabisa. Barabara yetu mbaya wakati wa mvua, na siku nne ni nyingi mno kwa maiti kusubiri."

Mjumbe alitazama saa yake, akaona muda upo na ombi ni la haki. Akasimama kwenye nafasi iliyobaki kati ya migomba, akauliza jina la kijana, akaanza kusema upya, tangu mwanzo. Meshaki akavua kofia, akamsikiliza mpaka mwisho.