Mwili wa Adolphine

Miguu ya muke wangu Adolphine ilipovimba, dada zake walinisifu: “Papa Numbi, unamulisha vizuri!” Kumbe ni maji. Dokta alisema moyo umechoka kuyasukuma, akamupa vidonge vya kuyakojoa. Muke wangu akapumua, akalala chali tena. Lakini alikonda, na midomo ile ile ikasema ninamunyima chakula.

Ndoa ya binti yetu Syntiche ilipokaribia, mama yake aliviacha vidonge kwa siri, nisiaibike mbele yao. Siku ile mwili wake ulikuwa umejaa tena, wakamupigia vigelegele. Wiki haikuisha, moyo ukasimama. Vidonge nilivikuta vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

Matangani dada yake mukubwa alinishika mukono: “Aksanti, Papa. Ulimutunza. Ameenda na mwili wake.”