Redio Yazimwa

Siku daktari mmoja kijana alipoletwa kwenye wodi yetu ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, kusomea ubingwa, nilijua nimepata kazi. Mdomo wake haukuwa na breki. Manesi walimbatiza jina la Redio kabla hata hajapewa koti. Mimi msimamizi wake, mtu mzima nipendaye utulivu, nilimwambia hapa si sokoni. Akacheka, akaendelea.

Utafiti wake wa kuhitimu, hata hivyo, ulinifurahisha. Njiti husahau kupumua, naye alitaka kujua kama sauti ya mama huwakumbusha. Alianza na mama mmoja fundi cherehani, mpole kupita kiasi, ambaye alimnong'oneza mwanawe maneno mawili kisha akabaki kumtazama. Majibu yakaja mazuri ajabu. Mazuri mno, mpaka nikagundua mtoto anapumua vyema hata mama akiwa nyumbani. Kumbe Redio, kila akirekebisha mirija, anampigia soga: mheshimiwa, vuta pumzi, usitutie aibu mbele za watu.

"Umeupima mdomo wako mwenyewe," nikamwambia. "Anza upya, na ukiwa karibu na mtoto unyamaze. Ukishindwa, ubingwa usahau."

Mazoea yana taabu, nami nilidhani hatafika hata jioni. Alimweleza mama mpango wote nje ya mlango, pamoja na zile soga za mheshimiwa, kisha akaingia bubu. Akawa anaongea kwa mikono na nyusi. Nesi mmoja alimuuliza kama ana jino bovu.

Halafu asubuhi moja mtoto akasahau kupumua. Mashine ikalia. Redio akamsugua unyayo, midomo ameibana, machozi yanamlengalenga. Niliona maneno yamemjaa mpaka kooni. Yule mama akainama.

"Mheshimiwa, vuta pumzi," akasema, kwa sauti tuliyoisikia sote. "Daktari katuachia zamu."

Mtoto akavuta. Tangu hapo mama hakunyamaza tena. Alimsimulia mwanawe habari za vifungo, zipu na wateja wasumbufu, na safari hii majibu yalitokana na sauti yake kweli.

Siku ya kuruhusiwa, mtoto akiwa na mashavu ya kufinywa, mama alimweka mikononi mwa Redio.

"Utafiti umekwisha, daktari. Ongea naye sasa, alikuwa anakungoja."

Redio akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Alilia tu, kimya kimya, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikatamani apige kelele.