Nguzo ya Ghala la Pamba

Kengele ya kijiji cha Songambele ilikuwa sahani ya plau iliyokwisha makali, imetundikwa kwenye mti mbele ya ofisi. Ilipogongwa asubuhi hiyo, Wankyo alikuwa ameinama akimfungia binti yake Shida vifungo vya gauni, na uchungu wa kwanza ukampita kiunoni kama mtu anayekatiza uani bila kupiga hodi. Akabaki ameinama. Ulipokwisha alimalizia kifungo, akajifunga kanga ya pili, akachukua mfuko wa kuchumia pamba na kutoka.

Hakumwambia mtu. Kwao uchungu hautangazwi. Wazee walikuwaga wanasema ukiutaja unaona haya, unarudi ndani na kukaa siku mbili. Lakini siyo hilo tu lililomfunga mdomo. Alijua kwamba akitamka neno moja, Felisian, mwenyekiti wa kijiji, angeamuru apakiwe kwenye lori la pamba lililotarajiwa kutoka Bunda siku hiyo, apelekwe zahanati ya kata, akalazwe chali. Na Wankyo alikwisha kuamua moyoni kwamba chali halali tena.

Alikuwa amezaa mara mbili. Shida alimzaa katika nyumba ya zamani kule mlimani, kabla ya operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Ilikuwa nyumba ya msonge, na katikati yake ilisimama nguzo ya mti mgumu ambao mchwa walijaribu wakashindwa. Wanawake wa ukoo ule walizaa wamepiga magoti, wameishika nguzo hiyo kwa mikono miwili, na mkunga amekaa nyuma, amewakumbatia. Kwenye kimo cha mikono ya mwanamke aliyepiga magoti, mti ulikuwa umelika, umeingia ndani kidogo, laini na mweusi kama mpini wa jembe la urithi. Mama mkwe wake, Nyangeta, ndiye aliyemkumbatia siku ile. Uchungu ulikuwa uchungu, hapo hapana ubishi. Ila alipopiga magoti, uchungu ulikuwa na mahali pa kwenda.

Wa pili alimzalia zahanati. Kulikuwa na kitanda kimoja, miguu yake imefungwa juu kwa bendeji, macho yake kwenye dari lenye madoa ya popo. Nesi alikuwa peke yake kwa vijiji vitatu, naye alikuwa amekwenda kisimani kuchota maji ya kuchemshia vyombo. Wankyo akabaki akisukuma kuelekea juu, kama anayepandisha gunia mlimani, na uchungu ukamlalia kifuani usiondoke. Mtoto alitoka amechoka. Hakulia. Wankyo hakumlaumu nesi. Nani amlaumu mtu aliyekwenda kutafuta maji? Lakini mwili nao una akili yake, na wa kwake ulikuwa umekataa.

Mwezi uliopita alimwendea Nyangeta jikoni, akampigia magoti.

"Mama, safari hii unishike wewe."

Nyangeta aliendelea kupepeta mtama kama hakusikia. Baadaye akasema, "Mikono yangu si yangu tena, mwanangu. Ulikuwepo mkutanoni."

Alikuwepo. Felisian alikuwa amewasimamisha wakunga wote mbele ya kijiji, wakakabidhi nyembe zao na vibuyu vya mafuta ya nyonyo, wakaapa. Mwanamke atakayezalia nyumbani, alisema, familia yake isionekane kwenye duka la ushirika, iwe sukari, iwe sabuni. Na mkunga atakayeshika mtu, kiwanja cha mwanawe kitaangaliwa upya.

"Masatu akinyang'anywa kiwanja tutalala wapi?" Nyangeta aliuliza. "Kule mlimani wamekwisha bomoa. Nenda zahanati. Pengine safari hii maji yatakuwa karibu."

Basi hivyo ndivyo walivyoachana. Masatu mwenyewe, mume wa Wankyo, akiulizwa, alisemaga tu kwamba mambo ya uzazi ni ya wanawake, kisha anabeba nyavu zake kwenda ziwani. Asubuhi hiyo pia alikuwa ziwani.

Shambani wanawake walipangwa kwenye mistari, kila mmoja na wake. Pamba ya kijiji ilikuwa imefunguka vizuri mwaka ule, nyeupe mpaka macho yanauma. Wankyo alichagua mstari wa pembeni, karibu na Hyasinta, mke wa jirani, msichana aliyeolewa juzi tu. Uchungu ulipokuja alijishusha magotini, akashika shina la mpamba kwa chini, akatoa pumzi taratibu kupitia mdomoni kama anayepuliza chai, na kukiyumbisha kiuno kidogo kidogo, huku mkono mmoja ukiendelea kuchuma. Ukipita, anainuka, anasogea mbele. Aligundua kwamba akiukaza mwili kuupinga, uchungu unamkasirikia, na akiulegezea unapita juu yake kama wimbi juu ya jiwe.

"Wewe Wankyo," akaita mwanamke mmoja wa mstari wa tatu, "leo unachuma kama kuku anadonoa."

"Pamba nzuri iko chini."

"Basi acha hata kidogo, mwenyekiti naye apate kuinama."

Wakacheka. Mwenyekiti alikuwa anapita ng'ambo, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi, fimbo kwapani. Hakuwa mtu mbaya kwa kuzaliwa. Alikuwa amepewa malengo kutoka wilayani: pamba kiasi gani, vyoo vingapi, wanawake wangapi wazalie zahanati, na asiyetimiza malengo aliitwa Musoma kujieleza mbele ya watu wenye meza kubwa. Akaja kusimama mbele ya Wankyo.

"Tumbo hilo lini?"

"Bado, mwenyekiti."

"Bado, bado. Nyinyi mnasemaga bado mpaka mtoto anaomba uji. Ukisikia dalili, sema. Lori litakupitisha zahanati."

"Juu ya magunia?" Hyasinta akauliza.

"Ni laini kuliko kitanda chako," Felisian akasema na kwenda zake.

Uchungu ulikuwa umemkamata Wankyo palepale, akang'ata meno na kulikodolea macho shina la mpamba. Hyasinta alimwona. Akaangalia kule alikokwenda mwenyekiti, halafu akaangalia jasho kwenye mdomo wa juu wa Wankyo.

"Dada," akanong'ona, "wewe ume..."

"Chuma pamba yako."

Jua lilipokuwa la utosi, chupa ya uzazi ikapasuka. Maji yalishuka miguuni yakanywewa na udongo, na kanga ikagandamana na mapaja. Wankyo aliinuka, akajitwika mfuko wake kichwani, akamwambia msimamizi kwamba anapeleka ghalani. Msimamizi akampungia mkono bila kumtazama. Mtu anayepeleka pamba ghalani haulizwi.

Sasa kuhusu ghala hilo. Operesheni ilipokuja, mgambo walishusha mapaa ya nyumba za mlimani, na miti yote iliyokuwa mizima ikachukuliwa kwa kazi za kijiji. Nguzo ya msonge wa akina Masatu iliburutwa na ng'ombe mpaka chini. Nyangeta aliifuata nyuma mpaka mtoni, kama anayesindikiza jeneza. Nyumba mpya zilikuwa za pembe nne, zimepangwa kwa kamba kama mistari ya pamba, na hazikuhitaji nguzo ya kati. Ghala lilihitaji. Wakaisimamisha humo, ikabeba bati la kijiji kizima.

Mlangoni alikaa mzee Luhende, mlinzi wa ghala, anashona magunia. Alimwona Wankyo akija anatembea kama aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni, miguu imeachana. Mzee aliyelea watoto saba hahitaji kuelezwa. Lakini mwanaume hasemi habari hizo na mke wa mtu. Akachoma sindano kwenye gunia, akasimama, akasema peke yake, "Uzi umeisha," ingawa mpira wa uzi ulikuwa mapajani mwake, ukaanguka chini na kubingirika. Akaenda.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mbegu. Wankyo alipanda juu ya pamba iliyolundikwa, akatambaa kwa magoti mpaka kwenye nguzo, akainyooshea mikono. Vidole vyake vilipapasa. Walikuwa wameisimamisha bila kujua juu wala chini yake, lakini Mungu hamtupi mja wake, walikuwa wameisimamisha sawa. Ule ulikaji ulikuwa palepale, kwenye kimo chake. Akaushika, na uchungu uliofuata akaupokea kama anayempokea mgeni aliyechelewa.

Hakujua muda uliopita. Alisikia mtu anahema mlangoni.

"Luhende anasema nimeitwa," ilikuwa sauti ya Nyangeta.

"Sikukuita, mama. Rudi. Watachukua kiwanja."

Nyangeta hakuingia, hakuondoka. Alisimama kizingitini, mikono ameikunja ndani ya kanga kama watu wawili waliofungiwa. Uchungu ukaja mwingine, na Wankyo, ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi, akatoa mlio mdogo, wa chini, kama wa ng'ombe anayeita ndama.

"Unasukuma mapema," Nyangeta akasema palepale alipo. "Acha. Hema kama mbwa aliyekimbia."

Akahema. Kidogo kidogo sauti ya Nyangeta ikawa inatoka karibu zaidi.

"Mimi sikuja kuzalisha mtu," mama mkwe alisema, sasa yuko nyuma yake, magoti yake yamembana kiunoni pande zote mbili. "Nimekuja kuiona nguzo yangu. Mtu hakatazwi kuona nguzo yake. Haya, sasa. Chini, mwanangu. Siyo kooni. Chini."

Mtoto alishukia kwenye pamba. Msichana. Alilia kabla Nyangeta hajamfuta uso, na Wankyo alipousikia mlio ule aliegemeza paji la uso kwenye nguzo, akabaki hivyo.

Kitovu hawakukikata. Wembe wa Nyangeta ulikuwa kwenye kabati la ofisi, na wembe wa kuokota Wankyo aliukataa. Hyasinta, aliyekuwa amewafuata, akatumwa akimbie zahanati. Mtoto akalala kifuani kwa mama yake amefunikwa kanga, bado amefungamana naye, mpaka nesi Marcelina alipofika kwa baiskeli, sketi imejaa mafuta ya mnyororo. Alikata kitovu, akasubiri kondo la nyuma, akalikagua kwenye mwanga wa mlango, akambonyeza Wankyo tumbo mpaka akaridhika na damu.

"Kwa nini hukuja kwangu?" akauliza hatimaye.

"Ungeniruhusu kupiga magoti?"

Marcelina alifuta mikono, kidole kwa kidole. "Nina kitanda kimoja, na nimefundishwa namna moja." Kisha akasema, "Lakini ungevuja damu humu, Wankyo, hiyo nguzo ingekuchoma sindano?"

Wankyo aliona ni neno la kweli. Alitaka vyote viwili, magoti yake na sindano ya Marcelina chini ya paa moja. Hakuona ni kitu gani kikubwa mno hapo. Walikuwa wamejenga ofisi, ghala na nyumba ya katibu katika msimu mmoja.

Lori likafika na Felisian, na karani wa pamba nyuma yake. Karani alichungulia, akaona damu juu ya lundo, akasema hiyo yote inahesabika fifi, pamba ya daraja la chini, hata ile ambayo haikuguswa.

"Pamba ya taifa," Felisian alisema. Alimwangalia Nyangeta. "Wewe uliapa."

"Niliapa nisizalishe nyumbani," Nyangeta akajibu. "Hapa ni nyumbani kwa nani?"

Nje wanawake walikwisha kukusanyika, na mmoja akacheka puani.

Felisian alijibu mkutanoni wiki iliyofuata. Nyangeta alisimamishwa mbele ya watu kwa mara ya pili. Kiwanja walikiacha, maana nesi alikuja kusema mtoto ni mzima, amepimwa na kuchanjwa. Lakini akina Masatu walifutwa dukani mpaka mwisho wa msimu, wakarudi kufulia majivu. Marcelina aliomba chumba cha pili na pipa la maji, akaambiwa ombi lake litapelekwa wilayani. Ghala lilifungwa kufuli jipya. Nguzo ikapakwa chokaa, nyeupe yote juu mpaka chini.

Siku moja kisimani Hyasinta alimsaidia Wankyo kujitwika ndoo, kisha hakuondoka. Alikuwa ameanza kujifunga kanga juu ya tumbo, si kiunoni kama kawaida yake.

"Dada, lile kufuli la ghala," akasema akiangalia maji. "Ufunguo anakaaga nao nani?"

Wankyo alimweka mwanawe vizuri mgongoni, akaikaza mbeleko.

"Mzee Luhende," akasema. "Ila ni msahaulifu sana yule. Mwambie mapema, asahau vizuri."