Vigingi vya Oddvar

Oddvar alipigilia vigingi vyake siku ya Alhamisi, kabla ukungu haujainuka kwenye bonde la Soni. Evelina alimtazama kutoka mlango wa jiko la kaka yake. Mume wake, mzee mrefu wa Kinorwe, alikuwa ndani ya koti la mvua, akipima kwa hatua ndefu, akiinama kugonga, kisha akisimama kutazama milima kana kwamba ameshakaa kwenye baraza ambayo bado haijajengwa. Kila aliyepita njiani alimwamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo!" na watu waliitikia huku wakicheka, kwa furaha ya kusikia lugha yao kinywani mwa Mzungu.

Evelina hakucheka.

"Shemeji hana mchezo na kazi," alisema Zabron, kaka yake, akitoka na kikombe cha chai. "Hilo shamba la juu ni fungu lako, Evelina. Baba alilisema kabla hajafa. Nimelilima tu nikikusubiri."

"Nashukuru, kaka," alijibu.

Evelina alizaliwa palepale, juu ya Soni. Alisomea uuguzi Tanga, na huko ndiko alikokutana na Oddvar, aliyekuwa mhandisi kwenye mradi wa barabara. Wakaoana, wakahamia Norwe. Huko aliuguza wazee wa watu wengine kwa karibu umri wake wote wa kazi: aliwaogesha, aliwalisha, aliwafumba macho walipokata roho. Sasa yeye na mumewe walikuwa wamestaafu, na walikuwa wanashindana juu ya jambo moja tu: wakazeekee wapi. Kubaki Norwe hakukuwezekana, magoti ya Oddvar yalikuwa yamekataa baridi. Wenzao wengi walikuwa wamehamia Hispania, kwenye miji ya pwani ambako hospitali iko karibu, jua halikatiki, na hata kanisa la Kinorwe lipo.

Evelina aliitaka Hispania. Oddvar aliitaka Usambara.

Adhuhuri ile walipanda wote wawili hadi kwenye vigingi. Kamba nyeupe zilikuwa zimekwisha kuchora nyumba: hapa sebule, pale chumba cha kulala. Kwenye kona ya juu kabisa palikuwa na chemchemi, na maji yake yalishuka kwa mfereji hadi kwenye bustani za watu wa chini.

"Hapa nitaweka tangi," alisema Oddvar kwa Kinorwe, akionyesha chemchemi. "Na uzio kidogo, ng'ombe wasichafue."

"Oddvar, mimi sijasema ndiyo."

"Ulisema tutaona. Si tumekuja, tumeona?"

"Na Hispania?"

Alikunja uso. "Hispania nitafanya nini? Nikae na Wanorwe walewale, tulalamikie magonjwa yaleyale, tofauti jua tu? Huku mzee ni mtu, Lina. Jana mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani amesimama pembeni ili nipite mimi. Kwetu hata muuza duka hanitazami usoni."

"Huku mzee ni mtu kwa sababu kuna mwanamke jikoni."

"Dorkasi hajalalamika."

"Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza; aliinama kukaza kamba. Dorkasi alikuwa mke wa Zabron, ndiye aliyekuwa akiwapikia, akiwafulia, na kuwachemshia maji ya kuoga tangu walipofika. Evelina alijaribu kumsaidia, lakini kila alipokaa jikoni mtu alimjia. Shangazi alitaka ampeleke mwanawe Ulaya. Binamu alitaka amtafutie daktari mkubwa. Jirani aliyesoma naye shule ya msingi alitaka aseme na Mzungu habari za bati la kanisa. Hakuna aliyekwenda kwa Oddvar. Oddvar walimsalimia, wakampa kiti, wakampa parachichi. Haja zote zilipitia kwa Evelina, na asubuhi ziliamka kabla yake.

Ijumaa asubuhi vigingi havikuwapo.

Havikuwa vimeanguka. Vilikuwa vimeng'olewa kimoja kimoja, vikarundikwa kando ya chemchemi, na kamba zikakatwakatwa. Zabron aliokota kipande cha kamba, akakigeuzageuza. Kisha alitamka jina moja: "Twaha."

Twaha alikuwa mkulima wa bustani za chini. Kabichi na karoti zake zilikuwa zikipakiwa kwenye malori ya sokoni Soni, na zote zilikunywa maji ya mfereji ule. Oddvar alikuwa amewaambia wapita njia habari za uzio, na Alhamisi jioni zilikuwa zimekwisha kumfikia.

Hakungoja kuitwa. Alipanda mwenyewe na wenzake kadhaa, wamebeba majembe, matope yamewafika magotini. Hakuna aliyeamkia mtu. Hapo ndipo Evelina alipoogopa, kwa maana katika milima ile salamu hukosekana pale tu jambo linapokuwa limeharibika kabisa.

"Nasikia maji yanafungiwa," alisema Twaha.

"Na mimi nasikia watu wanang'oa vitu kwenye mashamba ya watu gizani," alijibu Zabron.

"Sijagusa kitu chako."

"Vimeota miguu, siyo?"

"Zabron, mimi na wewe tumezibua mfereji huu pamoja tangu baba zetu wako hai. Leo umepata shemeji Mzungu ndiyo unaniita mwizi?"

"Toka kwenye shamba la dada yangu."

Twaha hakutoka. Alipiga hatua mbele, kuelekea kwenye chemchemi, na Zabron akashika mpini wa jembe la mwenzake. Wakavutana. Wale wengine wakasogea. Oddvar, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini cha taratibu, alijipenyeza katikati yao akisema, "Jamani, jamani, tuongee," na utelezi wa ukingo ukamchukua mguu. Alianguka kwa ubavu ndani ya mfereji. Jembe likaponyoka mikononi mwa wale wawili, ubapa wake ukatua kwenye tope karibu kabisa na kichwa chake.

Kila mtu aliganda.

Evelina alikuwa tayari yuko chini majini. Alimshika kichwa, akapapasa fuvu, akampapasa shingo na mbavu kama alivyowapapasa wagonjwa maelfu. Hakuna damu. Mzee alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya bluu, macho yake yakimtafuta mkewe kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nipo," alimwambia kwa Kinorwe. "Usiinuke haraka."

Ndivyo walivyokuwa wakati Bi Zuhura, mwenyekiti wa kitongoji, alipofika akihema kutokana na mlima. Mtu alikuwa amekimbia kumwita. Alikuwa mama mzee, mfupi, mtulivu, mwenye sauti isiyopanda.

"Wekeni majembe chini. Yote. Hata lako, Twaha. Mfunikeni mzee shuka. Sasa kaeni."

Wakakaa kwenye nyasi zenye umande, Zabron upande mmoja, Twaha upande mwingine.

"Zabron, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya shemeji na dada."

"Shemeji ni mgeni. Ardhi ya kijiji mgeni hapewi, hilo unalijua."

"Itaandikwa jina la Evelina. Yeye ni mtoto wa hapa."

Bi Zuhura akamgeukia Evelina. "Ndivyo, mwanangu? Nipeleke kwenye serikali ya kijiji jina lako?"

Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Kila mtu pale alimjua, na hata waliomchukia kwa asubuhi ile walimjua mpaka jina la bibi yake. Evelina aliutazama uso wa kaka yake, uliokuwa umejaa fahari, naye akaona kwamba akinyamaza dakika hiyo atanyamaza mpaka kufa.

"Shikamoo mama," alisema, maana hakuwa amemwamkia.

"Marahaba."

"Jina langu haliwezi kuandikwa. Mimi si raia wa Tanzania."

Zabron alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Unasema nini?"

"Nilichukua uraia wa Norwe, kaka. Zamani. Na nchi yetu hairuhusu mtu kuwa na viwili. Nilipochukua wa kule, wa huku uliondoka."

Asubuhi ile ilikuwa miaka michache kabla ya korona, na kwa sheria za wakati huo aliyepoteza uraia hakuwa na njia nyingine ya kupata ardhi. Bi Zuhura alilijua hilo, akainamisha macho. Lakini Zabron hakuwa akiwaza sheria.

"Uliukana," alisema.

"Kila mwaka nilikuwa nasimama foleni kuomba ruhusa ya kukaa kwenye nyumba yangu na mume wangu. Nilichoka, kaka."

"Uliukana, ukaja huku ukala chakula changu, ukaniacha nitembee kijiji kizima nikisema dada yangu amerudi nyumbani."

Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akachukua koti lake, akateremka bila kumtazama mtu. Evelina angepokea matusi kwa urahisi zaidi.

"Basi," alisema Bi Zuhura. "Shamba ni la Zabron, na mfereji ni wa watu wote. Hakuna uzio. Twaha, nenda nyumbani. Habari ya vigingi tutaizungumza roho zikipoa."

"Sikuving'oa, mama," alisema Twaha.

"Nimekusikia."

Mchana huo Oddvar alilala, amefunikwa mablanketi mawili. Evelina alikwenda jikoni, akamkuta Dorkasi akichambua maharage. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua naye. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, hakuna mtu aliyekuja na haja.

"Wifi," alisema Dorkasi bila kuinua macho, "vigingi niliving'oa mimi."

Mikono ya Evelina ikasimama.

"Lile shamba kaka yako alimwahidi Alen. Mwanangu ameshatafuta mbegu za viazi, anataka kuoa. Wewe ulipopiga simu kwamba mnakuja, ahadi ikafutika kwa siku moja. Na si shamba tu." Alipepeta maharage, akapuliza makapi. "Shemeji anazeeka. Akianza kujikojolea, nani atambeba? Wewe una mgongo mbovu. Atakayembeba ni mimi. Nikawaza, nikaona sina mtu wa kumwambia. Nikang'oa."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambiaje wakati wewe ndiye uliyekuwa unapewa shamba na kurudishwa kwenu?"

Evelina alishindwa kujizuia, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akajikuta anacheka, kicheko kibaya kilichomuumiza kifua. "Wifi, mimi nilikuwa naomba kila siku itokee sababu. Hata mimi sitaki. Huku nampenda kila mtu, na kila mtu ana la kunidai. Nimebeba wazee wa watu mpaka mgongo umeniishia. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua, niamke, ninywe chai, nisiitwe."

Dorkasi alimtazama kwa mshangao wa kweli. Kwake hayo yalikuwa maelezo ya adhabu. Lakini hakubisha.

"Twaha ametukanwa bure," alisema Evelina hatimaye.

"Najua." Dorkasi aliweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri. "Nitamwambia mwenyewe. Kisha nitamwambia mume wangu. Yatakayonipata, yanipate."

Alishuka kwa Twaha peke yake. Yaliyosemwa huko Evelina hakuyasikia, ila jioni alisikia sauti ya Zabron kutoka chumba cha pili, ya chini, ikiuma, kwa muda mrefu, na ya Dorkasi ikijibu bila kurudi nyuma. Hakupigwa mtu. Asubuhi Zabron alipita mbele ya dada yake kama anayepita mbele ya mti.

Oddvar alipoweza kukaa kitandani alimuuliza mkewe, "Kwa nini hukuniambia wazi?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapima."

"Habari ya uraia niliijua. Nilidhani Zabron ataandika jina lake, sisi tuishi tu."

"Na ukitangulia wewe? Mimi nitabaki kwenye nyumba ya nani?"

Oddvar alijivutia blanketi. Alikuwa mtu wa hesabu maisha yake yote, na hilo hakuwa amelipigia hesabu. "Nilipoanguka mle majini," alisema polepole, "nilifikiri juu ya njia ya kwenda hospitali kubwa: ile barabara ya kona kona mpaka Mombo, na kutoka Mombo mpaka Tanga. Niliogopa, Lina. Ila sikutaka uone."

"Niliona."

Waliondoka kabla mvua za vuli hazijakolea. Dorkasi aliwasindikiza mpaka barabarani na kumbebea wifi yake mfuko wa parachichi. Alen alikuja kuaga. Zabron hakuja.

Hispania walipanga nyumba ndogo ghorofa ya kwanza. Mwaka mzima Oddvar alikuwa kama mtu aliyenyimwa. Alikwenda madukani, akawasalimia wauzaji kwa sauti kubwa, wakamtazama bila kuitikia. Evelina aliamka asubuhi, akanywa chai kibarazani, na hakuna aliyemwita. Siku nyingine hilo lilimtosha kabisa. Siku nyingine alijikuta anaongea na maua kwa Kishambaa.

Zabron alipiga simu baada ya misimu miwili ya viazi. Aliuliza hali ya shemeji. Alisema Alen ameoa, mavuno ni mazuri, na Twaha alitoa kabichi zote za harusi. Kisha sauti yake ikashuka.

"Evelina."

"Naam, kaka."

"Siku ikifika, huko watakuzika wapi?"

"Sijui. Hatujapanga."

"Kando ya baba na mama pana nafasi. Nimekataza watu wasilime pale." Alikohoa. "Hilo sikwenda kumuuliza mwenyekiti."

Evelina aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Kaka yake hakungoja jibu, akasema basi, salamu kwa shemeji, akakata.

Oddvar alichungulia kutoka ndani. "Nani huyo?"

"Zabron."

"Anasemaje?"

Evelina alipangusa uso kwa kiganja. "Anasema viazi vimekubali," alisema, akaingia ndani kuwasha jiko.