Hisa ya Miwani

Miwani ilimfikia Mukashema ikiwa bado na joto la uso wa mtu mwingine. Aliifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaelekeza uso kule kwenye mwanga. Sebule ya Yustus, mwenyekiti wa kitongoji cha Kamuli, ilijaa hadi mlangoni, watu mikekani, watu kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama na watoto mgongoni, na wote, wake kwa waume, wamevaa vioo vyeusi kama mkutano wa vipofu.

Kwenye runinga ng'ombe alikuwa anakuja. Watu wakarudi nyuma kwa mpigo mmoja. Evangelina, jirani yake aliyepakana naye migomba, alimshika mkono kwa hofu, na Sebahire, mume wake Mukashema, mtu mzima na mvi zake, aliinua fimbo. Pembe zimetoka, walisema. Zimefika hapa, puani.

Mukashema aliona picha ya ng'ombe. Picha tu, bapa kama kalenda ya ukutani.

Jicho lake la kushoto lilitobolewa na kijiti cha mti wa kahawa angali msichana wa kuchuma. La kulia nalo lilishaanza kuingia ukungu, na daktari alimwambia wazi kwamba lisipowahiwa kupasuliwa litafunga. Kwa hiyo kahawa ya msimu huo, ambayo siku zile ilikuwa bado maua, meupe, yananukia mpaka uani, ilikuwa na kazi moja. Ilikuwa ya jicho. Sebahire mwenyewe alitamka hivyo mbele ya mwinjilisti.

Aliposema haoni pembe yoyote, mgeni aliyeileta runinga, Aristides, kijana wa mjini mwenye viatu vilivyochongoka, alicheka kwa upole. "Mama, hii inataka macho mawili."

Watu wakacheka naye.

"Kumbe," Mukashema alisema. "Basi inamdanganya mwenye macho mawili. Mwenye moja imemshindwa."

Kicheko kikapungua kidogo. Aristides akawahi kueleza. Wataalamu wa ng'ambo wamekadiria, alisema, kwamba muda si mrefu kila nyumba yenye umeme itaitaka runinga ya namna hii, na hizi za bapa zitatupwa jalalani. Atakayeingia sasa atakuwa wakala. Leo runinga moja hapa Kamuli, kesho duka Kaisho, keshokutwa Kyerwa nzima na Karagwe zinakuja kununua kwenu. Hata vanila, alisema, ilianza hivihivi, watu wakaibeza.

Mukashema aliikumbuka vanila. Aliwakumbuka pia waliong'oa mikahawa wakapanda vanila, na bei ilivyowaangukia, wakarudi kuomba vibarua kwenye kahawa za wenzao. Tena alikuwa amelipapasa lile sanduku la runinga pale mlangoni alipokuwa akivua ndala. Karatasi yake ilikuwa imekauka na kupauka, inamomonyoka pembeni kama jani la mgomba la mwaka juzi. Kitu kinachogombewa na dunia nzima, aliwaza, kimekaa juani wapi muda wote huo, halafu kije kwetu kwanza?

Na malipo? Hapo Yustus aliinuka mwenyewe. Kila kaya itoe kahawa yake ikiwa hivyohivyo mauani, ifunge kamba ya mgomba kwenye mashina, na mti uliofungwa haumhusu tena mwenye kibanja cha kahawa. Hakuna mtu wa Kamuli asiyeujua mtindo huo. Jina lake butura, kuuza kahawa ingali maua, na serikali imeupiga marufuku. Yustus ndiye aliyezunguka na kipaza sauti kuutangazia kitongoji kizima.

"Hii si butura," alisema sasa. "Hii ni hisa."

Mukashema alivua miwani. "Kitendawili."

Evangelina, kwa mazoea tu, akaitika, "Tega."

"Ng'ombe wangu yuko sebuleni, anarusha pembe, wanaume wanakimbia. Lakini hali, hanywi, wala hanyi."

Safari hii kicheko kilitoka tumboni. Hata wazee walijipigapiga mapaja, na mmoja nyuma akasema ng'ombe asiye na samadi migomba yake itakula nini. Aristides alimtazama Yustus. Yustus hakucheka wala hakukasirika. Alingoja watu wanyamaze, akamgeukia Mukashema kwa sauti ya kumjulia mtu hali.

"Mama Niyigena, kitambulisho chako cha taifa kilishatoka?"

"Bado, mwenyekiti."

"Bado. Na barua ya kukutambua kwamba wewe ni mtu wa hapa, anaiandika nani?"

"Wewe, mwenyekiti."

"Haya. Tuangalie runinga."

Hakuna aliyemwangalia Mukashema. Evangelina aliuachia mkono wake taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu jikoni.

Kulipopambazuka Mukashema alisikia kamba kavu zikichanwa. Sebahire alikuwa mikahawani, anafunga shina baada ya shina. Akamfuata kwa kupapasa.

"Hiyo miti ni jicho langu, Baba Niyigena."

"Najua."

"Na mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu kazikwa hapa."

"Majirani zetu akina Nshimiyimana hawakuzaliwa hapa?" Sebahire hakugeuka. "Waliitwa wahamiaji, wakavushwa mto wa mpakani na godoro kichwani. Jicho utalifanyia nini huko?"

Akaendelea kufunga.

Wakati wa mavuno Aristides hakuonekana. Zilikuja pikapu na vijana wasiosalimia, wakakwanyua mbichi na mbivu pamoja, majani na vitawi, wakashindilia maguniani. Simu ya Aristides ilikuwa haipatikani. Ile sahani moja ya video yenye ng'ombe ilishakwaruzika, na hakuna kituo kilichorusha picha za namna ile. Mtoto wa Evangelina aliyeko Mwanza alisema viwanda viliacha kutengeneza runinga hizo zamani. Zilizobaki ni za maghalani. Runinga yenyewe ilibaki kwa Yustus, anatazamia mpira. Wenye hisa waligawiwa miwani zao.

"Sasa wote tunaona kama wewe," Evangelina alimwambia. Alitaka kuchekesha.

Sebahire alileta miwani mbili, akazitundika msumarini karibu na msalaba. Moja Mukashema aliichukua. Aliivaa akienda kuokoteza buni zilizodondoka chini ya mikahawa, kwa kuwa vijiti vilikuwa usawa wa uso na jicho lilikuwa limebaki lilelile moja, hata kama vile vioo vilikula nusu ya mwanga aliokuwa amebakiza. Kamba zilikuwa bado kwenye mashina. Aliyagusa mafundo, lilikuwa fundo la Sebahire, lile analofungia ndama.

Barabarani kipaza sauti kilipita. Sauti ya Yustus iliwakumbusha wananchi wa Kamuli kwamba butura ni kosa, na mkulima atakayekamatwa atachukuliwa hatua.

Mukashema aliinama. Vidole vyake vilikuta kitu kidogo, kikavu, cha mviringo. Alikileta puani. Kilikuwa kinyesi cha mbuzi. Akakitupa, akaendelea kupapasa.