Majina ya Wanawake wa Mwethya

Filimbi ya mwethya, kundi letu la kazi za pamoja, haikuwa ya usiku. Ilipigwa asubuhi, Jumanne na Alhamisi, na kila mwanamke wa upande wetu wa Mbumbuni akiisikia alichukua jembe na karai akaenda kuchimba mitaro, mvua isije ikabeba udongo wa mashamba. Mwenye filimbi alikuwa Mutindi, mjane mwenye sauti kubwa. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba.

Kwa hiyo ilipolia saa mbili usiku, mwezi wa nane mwaka wa 1987, nilitoka na jembe langu na karai yangu bila kufikiri. Nilipofika barabarani niliona juu ya soko kumekuwa kwekundu.

Duka la Rashid lilikuwa linaungua.

Rashid mwenyewe alikuwa Emali kutafuta lori la kubeba mbaazi. Mkewe Esha, ambaye tulimwita Mama Amin, alikuwa amesimama barabarani bila viatu, amewashika watoto wake wawili. Alikuwa ameongeza mafuta kwenye taa ya karabai kabla haijazimika vizuri. Ikamlipukia, akaitupa, ikaangukia kando ya pipa la mafuta ya taa. Aliweza kusema maneno mawili tu.

"Mama ndani. Mama ndani."

Mama yake ni Bibi Tumu, aliyekuwa amepooza miguu. Alilala chumba cha nyuma. Mimi nilikijua chumba hicho kwa sababu nilikifagia kila siku. Niliacha shule darasa la tano, mwaka ule wa njaa tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, na Mama Amin ndiye aliyenipa kazi ya kufua na kufagia. Hakuniacha niende nyumbani hata siku moja kabla sijala. Basi nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mlango wa nyuma haungefunguka. Magunia ya mbaazi yalikuwa yamepangwa pale mpaka darini. Madirisha yalikuwa na vyuma. Njia ilikuwa moja tu, kupitia dukani.

Gari la kuzima moto sisi hatukuwa nalo. Watu walileta maji. Mwezi wa nane kwetu maji yanachimbwa kwenye mchanga wa mto. Unaondoka alfajiri, unarudi jua limepanda, na mtungi mmoja mgongoni. Watu walikuja na mitungi hiyo, maji ya watoto wao, na hakuna aliyekuwa amewaomba. Hilo sitalisahau.

Mutiso muuza nyama alifika mbele ya wengine. Akamwaga ndoo nzima mlangoni. Moto haukufa. Ulipanda juu ya maji, ukateleza nayo, ukaingia ndani zaidi, upande wa kwa Bibi.

"Leteni mengine," Mutiso akasema.

Niliwahi kuona jambo hilo. Siku moja stovu ya Mama Amin ilimwagika ikawaka, nikakimbilia maji. Bibi Tumu akaniambia kutoka kitandani, "Weka chini, mjukuu wangu. Mafuta hupanda mgongo wa maji. Lete mchanga."

Nilitaka kuwaambia watu. Lakini mimi kwenye mwethya jina langu likiitwa niliinua mkono tu. Miaka miwili sikuwa nimesema neno mbele ya kundi. Nilimvuta Mwaitu nguo.

"Nini?"

"Maji yanaueneza."

"Sema nisikie, Syokau. Moto una kelele."

Mutiso alikuwa ameinua ndoo ya pili. Nikaushika mpini wa ndoo, tukavutana.

"Huyu msichana ana wazimu?"

"Usimwage," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mafuta ya taa. Maji yanayapeleka kwa Bibi. Mlango wa nyuma umezibwa na magunia. Tumwage udongo."

"Miaka ishirini nachoma nyama, leo nifundishwe moto na mtoto wa kufagia."

"Mutiso, nyamaza," Mwaitu akasema. "Huyu hajasema tangu azaliwe. Akisema, kuna kitu."

Akapiga filimbi tena. Udongo hatukuutafuta mbali. Alhamisi iliyopita tulikuwa tumechimba mtaro juu ya barabara, hatua kama thelathini, na udongo wake ulikuwa bado laini. Wanawake walijipanga kama siku ya kazi, bila mtu kuwaelekeza. Karai zilizojaa zilishuka kwa mstari mmoja, tupu zikapanda kwa mwingine. Mwaitu akaanza wimbo, kwa sababu mstari usio na wimbo hugonganisha karai. Mutiso alisimama kidogo na ndoo yake, halafu akaiweka chini akaingia katikati ya Kalunde na Kasyoka.

"Pokea kwa mikono miwili, Baba," Kalunde akamwambia. "Hilo si figo."

"Pitisha, pitisha. Domo baadaye," Mutiso akajibu.

Udongo ulipofika mlangoni moto uliinama. Karai kwa karai tukaingia na udongo, tukaulaza chini kama tunajenga tuta, mpaka kukawa na njia nyeusi katikati ya duka. Rafu zilikuwa bado zinawaka pande zote mbili.

Mwaitu akachovya leso mbili kwenye ndoo ya Mutiso, akanifunika moja. "Wewe unaijua nyumba," akaniambia. "Tangulia."

Niliogopa. Nilitangulia. Joto la udongo lilipenya viatu vyangu. Moshi ulikuwa mzito, nikahesabu kwa mkono: kaunta, pazia, mlango. Bibi Tumu alikuwa amejiangusha kutoka kitandani, amelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa wa chini ya ukuta wa nyuma, anavuta hewa ya nje.

"Nani?"

"Ni Syokau, Bibi."

"Umekuja," akasema, akakohoa.

Mwaitu akamshika mabega, mimi miguu. Tulipotoka nje wanawake waliacha kuimba. Mama Amin alikaa chini palepale barabarani, akakipakata kichwa cha mama yake, akalia kwa mara ya kwanza usiku ule.

Duka liliungua nusu. Mbaazi zilipona, na chumba cha nyuma. Tulimpeleka Bibi kwa Mwaitu, na wanawake hawakwenda nyumbani. Walikaa uani, mitungi ya maji waliyoileta wakaiacha pale kwa ajili ya Mama Amin na watoto. Hakuna aliyedai maji yake.

Alfajiri Bibi alioshwa mikono na uso, akasali ameketi. Alipomaliza akaniita.

"Walikuwa wangapi?"

"Arubaini na kitu, Bibi."

"Nitajie. Nataka kumwombea kila mmoja kwa jina lake. Siwezi kumwambia Mungu arubaini na kitu."

Nikaanza. Mutindi. Kalunde. Kasyoka. Alirudia kila jina polepole, majina ya Kikamba katika mdomo wa mtu wa Pwani, na mengine yalimshinda akacheka.

"Na yule mwanamume?"

"Mutiso."

"Naye nitamwombea. Endelea."

Nilipofika wa kumi na tisa nikakwama. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumepokezana karai naye miaka miwili, jina lake likiitwa pamoja na langu, na sikuwa nimelishika. Bibi alingoja, mikono imefunguka mapajani.

Nikatoka nje, uani, nikaenda kumwuliza.